Jinsi ya Kuifuata Asteroidi Vesta Kutoka Ufukweni Mwanza, na Kuipigia Hesabu Obiti Yake

Usiku wa giza pale Igombe ziwa huwa na nyota zake lenyewe: taa za wavuvi wa dagaa, mamia, zimejipanga hadi upeo wa macho. Zile za majini hucheza na mawimbi. Za juu zimetulia, ila kati yake ipo moja inayotembea taratibu mno, kiasi kwamba ukiikodolea macho mpaka alfajiri hutaiona ikihama. Ni jiwe lenye upana wa kilomita 525 hivi, linalolizunguka Jua katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Linaitwa Vesta, na ndiyo asteroidi inayong'aa kuliko zote za ukanda huo.

Mwongozo huu unahusu kuikamata kwa darubini ya macho mawili, kuichora daftarini, kisha kutumia kikokotoo cha simu kujua iko mbali kiasi gani na mwaka wake una urefu gani. Huhitaji shahada. Mimi nafundisha hisabati sekondari, na kazi hii niliifanya mwaka 2025, kati ya mwisho wa Aprili na wiki ya kwanza ya Mei, wakati masika haijaisha na mawingu yanakuja bila hodi.

Kabla ya vifaa, shika jambo moja, maana hatua zote zinalitegemea. Asteroidi haigunduliwi usiku unaoiona. Inagunduliwa usiku wa pili. Tarehe 1 Januari 1801, padri Giuseppe Piazzi wa Palermo, kisiwani Sicily, aliandika mahali pa nyota moja hafifu katika kundi la Ng'ombe. Kwake ilikuwa nyota tu, moja kati ya maelfu aliyokuwa akiyaorodhesha. Kesho yake akairudia kuhakiki, akaikuta si pale. Hapo ndipo Ceres, asteroidi ya kwanza, ilipogunduliwa. Piazzi aliifuata hadi Februari, akaugua, kisha Ceres ikaingia kwenye mwanga wa Jua ikapotea. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, akachukua vipimo vile vichache, akakokotoa obiti, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, akasema itafuteni upande ule. Desemba 31 mwaka huohuo Franz Xaver von Zach akaiona tena, na siku iliyofuata Heinrich Olbers akaiona naye. Huyu Olbers ndiye aliyekuja kuigundua Vesta tarehe 29 Machi 1807, akiwa Bremen, Ujerumani.

Kwa hiyo ukipanga kwenda usiku mmoja tu, usiende. Panga usiku mitatu.

Hatua ya 1: Subiri mkabala, na usubiri giza

Vesta inaonekana vizuri Dunia inapopita katikati yake na Jua. Tuuite wakati huo mkabala. Inachomoza Jua likizama, inakuwa juu kabisa katikati ya usiku, na ndiyo inakuwa karibu nasi zaidi. Mkabala hujirudia kila baada ya siku 504 kwa wastani, yaani miezi kumi na sita na nusu. Uliopita ulikuwa tarehe 2 Mei 2025, na unaofuata ni Oktoba 2026.

Wanaastronomia hupima mwangaza kwa namba ambayo kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo nyota inavyong'aa. Jicho tupu, mahali penye giza la kweli, hufika 6 hivi. Vesta katika mkabala mzuri sana hufika kama 5.1, na katika mkabala mbaya hufifia, namba ikapita 6. Ndiyo kusema kuna miaka unaweza kuiona bila kifaa chochote, lakini usitegemee hilo ukiwa na taa za mji nyuma yako.

Halafu Mwezi. Hapa mkazi wa ufukweni ana faida, kwa sababu kalenda tunayo tayari. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani siku za giza, na mbalamwezi ikikolea hupumzika, maana dagaa hawaifuati taa kama juu kumeshawaka. Ukiona mitumbwi imepandishwa mchangani wiki nzima na nyavu zinashonwa, basi nawe kaa nyumbani. Wakirudi majini, chukua darubini. Kwa Oktoba 2026 mwezi mwandamo ni karibu na tarehe 10, hivyo giza litaangukia palepale panapotakiwa.

Kuna kero moja: siku zinazokufaa wewe ndizo siku ziwa limejaa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola na betri, nyeupe, kali. Ukielekeza uso ziwani, macho hayatazoea giza. Lipe ziwa mgongo.

Nafuu tunayo. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa Ikweta, na njia inayopitiwa na sayari na asteroidi nyingi hupita juu sana angani kwetu. Mei 2025 Vesta ilikuwa mpakani mwa Mizani na Mashuke, na kwenye saa yake ya juu ilikaribia utosi kabisa. Wenzetu wa Ulaya waliitafuta chini zaidi, kwenye hewa nzito zaidi. Sisi tuliitafuta mahali hewa ni nyembamba.

Kuhusu saa: saa zetu zinafuata nyuzi 45 mashariki, lakini Mwanza iko karibu nyuzi 33. Tofauti hiyo ni dakika 48. Kwa hiyo usiku wa manane wa kweli hapa si saa sita, ni kama saa saba kasoro dakika kumi. Ukiwa na usingizi wa mapema anza saa nne usiku, itakuwa imeshapanda vya kutosha.

Hatua ya 2: Mahali pa kukaa

Capri Point ni pazuri kwa macho, ila taa za mji zinakuzunguka. Nenda Igombe, Luchelele, au popote ambapo mwamba au mlima umezuia mwanga wa katikati ya mji. Mawe ya Mwanza ni mazuri kwa kazi hii: jiwe kubwa bapa lililopigwa jua mchana kutwa hubaki na joto hadi saa tano, unalala juu yake kama uko kitandani.

Usikae ukingoni mwa maji. Viboko hutoka kula usiku na hawana habari na elimu ya anga. Panda juu kidogo, mahali palipo wazi. Vaa mikono mirefu, jipake dawa ya mbu. Na kama unakaa karibu na mwalo, toa taarifa mapema kwa mwenyekiti wa mtaa au viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni. Wizi wa mashine za mitumbwi umewafanya watu wa mwaloni wawe macho, na mtu asiyejulikana aliyejilaza gizani na darubini shingoni ana mengi ya kueleza.

Hatua ya 3: Vifaa

Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10×50 au 7×50 inatosha. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hiyo ya pili ndiyo muhimu. Usivutiwe na zile zenye ukuzaji mkubwa na kioo kidogo. Zinakuza tetemeko la mikono yako.

Daftari lisilo na mistari. Penseli, si kalamu ya wino: umande wa ziwani hulowanisha karatasi na wino unagoma. Taa ndogo iliyozibwa kwa nailoni nyekundu tabaka mbili au tatu, kwa sababu mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyozoea giza. Mkeka na mto. Simu yenye Stellarium, programu ya ramani ya nyota, mwanga wake umepunguzwa hadi mwisho. Kitambaa kikavu cha pamba cha kufutia vioo, kwa kugusagusa tu, usisugue.

Hatua ya 4: Tafuta eneo, usitafute nukta

Fungua Stellarium, weka mahali Mwanza, andika Vesta. Programu itakuonyesha iko kundi gani. Sasa usikimbilie kuielekezea darubini. Tafuta kwanza nyota kubwa ya karibu unayoiona kwa macho, kisha kwenye ramani hesabu hatua: kutoka nyota hii kwenda ile pembetatu ndogo, kutoka pembetatu kwenda ile jozi. Lala chali, egemeza viwiko kifuani, utulize pumzi.

Duara unaloliona ndani ya darubini ya 10×50 lina upana wa nyuzi 6 na nusu hivi. Mwezi mpevu una nusu nyuzi. Hivyo miezi kumi na mitatu ingepangwa kwenye mstari mmoja ndani ya duara lako. Kumbuka hilo, tutalihitaji kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Chora kila kitu

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiku wangu wa kwanza, Aprili 28, niliona nukta ya njanonjano pale programu ilipoonyesha, nikafurahi, nikaichora nukta hiyo na nyota moja kubwa jirani. Nikafunga daftari nikalala. Usiku wa tatu nikarudi. Nukta ilikuwa palepale. Nikahesabu tena, nikageuza daftari, nikalaumu programu. Kumbe nilichora nyota ya kawaida iliyokuwa jirani na Vesta, na Vesta yenyewe, iliyokuwa kwenye duara lilelile, sikuiwekea hata alama. Usiku mitatu ikaenda na maji.

Kwa hiyo: chora duara kubwa la upana wa kiganja. Weka nukta kwa kila nyota unayoiona ndani, kumi, kumi na tano, ishirini, ukianza na zile kubwa kisha ukijaza ndogo. Nyota kubwa nukta kubwa, ndogo nukta ndogo. Usiandike “hii ndiyo Vesta.” Hujui bado. Andika tarehe, saa, na upande ulipo mashariki. Njia rahisi ya kuujua: shikilia darubini bila kuitikisa, na nyota zote zitaonekana zikiteleza polepole. Zinakoelekea ndiko magharibi.

Usiku ule niliokosea alikuja mzee mmoja mwenye mtumbwi, akasimama hatua chache kutoka kwenye mkeka wangu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwalimu, unahesabu nyota?”

“Naangalia moja tu, mzee. Nataka kujua kama inahama.”

“Zote zinahama,” akasema, akanyoosha mkono mashariki kisha akaupitisha juu hadi magharibi. “Sisi tunajua saa kwa hizo.”

Alikuwa na haki, na ndilo jambo linalowachanganya wanafunzi wangu pia. Nyota zote huchomoza na kutua pamoja kwa sababu Dunia inajizungusha. Fikiria mitumbwi iliyofungwa kamba moja ikivutwa na boti yenye mashine: yote inakwenda, lakini nafasi kati ya mtumbwi na mtumbwi haibadiliki. Vesta ndiyo mtumbwi uliolegea kamba. Nao unakwenda na wenzake, ila kila usiku nafasi yake imebadilika kidogo. Ndiyo maana tunachora jirani zake wote, kwa kuwa bila jirani hakuna kuhama.

Hatua ya 6: Usiku wa pili, na wa sita

Rudi saa ileile au karibu nayo. Tafuta duara lilelile, lichore upya bila kufungua ukurasa wa jana. Hili ni la muhimu kuliko linavyoonekana: ukitazama mchoro wa jana kwanza, mkono wako utachora ulichotarajia. Ukimaliza, weka karatasi mbili pamoja, ya juu iangalie taa. Nukta zitalaliana, isipokuwa moja.

Karibu na mkabala Vesta husogea robo ya nyuzi kwa siku, nusu ya upana wa Mwezi. Kwa usiku mmoja utaona, lakini utabishana na nafsi yako. Acha ipite siku sita. Nyuzi moja na nusu haibishaniki.

Utaona pia kwamba inahama kuelekea magharibi, kinyume na mwendo wake wa kweli. Si yenyewe inayorudi nyuma. Dunia ina kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, Vesta 19 hivi, nasi tunaipita kwa ndani. Ukiwa kwenye daladala inayolipita lori kwenye barabara ya Nyerere, lori linaonekana kurudi nyuma dhidi ya nyumba za mbali.

Kuhusu hewa: ziwa letu hupenda kufanya radi zake usiku. Upepo wa nchi kavu unakusanyika majini na mawingu yanainuka. Ukiona miale ikimweka kaskazini magharibi, una muda, lakini anza kukunja mkeka. Msimu wa Juni hadi Septemba anga ni kavu zaidi, ingawa moshi wa mashamba yanayochomwa hupunguza nyota ndogo.

Hatua ya 7: Hesabu

Hii ndiyo sehemu niliyokuja kuandika.

Pima kwa rula umbali kati ya nukta ya Vesta ya siku ya kwanza na ya siku ya sita baada yake. Badili sentimita ziwe nyuzi kwa kutumia upana wa duara: kama duara lako la sentimita 13 ni nyuzi 6.5, kila sentimita ni nusu nyuzi. Mimi nilipata sentimita 3 kwa siku 6. Hiyo ni nyuzi 1.5, sawa na 0.25 kwa siku.

Dunia inapita nyuzi 360 kwa siku 365.25, yaani 0.9856 kwa siku. Gawanya hiyo kwa mwendo ulioupima:

0.9856 ÷ 0.25 = 3.94

Sasa tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukaijumlisha tena yenyewe, unapata 3.94. Jaribu tu. Namba 1.5 inatoa 2.25 + 1.5 = 3.75, ndogo. Namba 1.6 inatoa 2.56 + 1.6 = 4.16, kubwa. Namba 1.55 inatoa 2.40 + 1.55 = 3.95. Hiyo inatosha.

Namba hiyo, 1.55, inabeba kila kitu. Izidishe kwa yenyewe mara moja: 2.40. Huo ni umbali wa Vesta kutoka kwenye Jua, ukihesabu umbali wa Dunia na Jua kuwa 1. Izidishe mara nyingine tena: 3.72. Huo ni urefu wa mwaka wa Vesta kwa miaka yetu. Kipeo cha pili kinakupa umbali, kipeo cha tatu kinakupa muda. Ni kanuni ya tatu ya Kepler, na siku nilipoiandika ubaoni kwa namna hii, wanafunzi wa nyuma kabisa waliacha kuongea.

Vipimo vya wataalamu ni 2.36 na miaka 3.63. Nimekosea chini ya asilimia tatu kwa penseli na rula ya shule. Sehemu ya kosa ni mkono wangu, na sehemu ni kwamba hesabu hii inaichukulia obiti kuwa duara kamili, na siyo. Ukipata 2.2 au 2.6 usirarue karatasi. Ukipata 5, umefuata Mshtarii.

Hatua ya 8: Soma karatasi ya obiti

Ingia kwenye kanzidata ya miili midogo ya JPL, taasisi ya NASA, bure, na uandike Vesta. Utakutana na jedwali la herufi na namba ndefu. Usiogope. Namba nne zinatosha kuanzia.

Herufi a ni nusu ya urefu wa obiti, ambao ndio umbali wa wastani uliokwisha kuupata mwenyewe: 2.36. Kipimo chake ni kizio astronomia, kilomita milioni 150 hivi.

Herufi e inasema obiti imebanwa kiasi gani. Sifuri ni duara kamili. Ya Vesta ni 0.09. Toa e kwenye 1, zidisha kwa a: 0.91 × 2.36 = 2.15, mahali Vesta inapokaribia Jua zaidi. Jumlisha badala ya kutoa: 1.09 × 2.36 = 2.57, mahali inapokuwa mbali zaidi. Kwa hiyo mkabala ukiangukia upande wa 2.15 Vesta inang'aa, ukiangukia upande wa pili inafifia. Ndiyo sababu mikabala hailingani.

Herufi i ni mwinamo, nyuzi 7.1, jinsi obiti ilivyoinama ukilinganisha na ile ya Dunia. Shika sinia mezani, inua ukingo mmoja kidogo. Ndiyo hiyo. Ceres imeinama zaidi, nyuzi 10.6.

Mwisho, muda wa mzunguko. Uhakiki mwenyewe: 2.36 mara 2.36 mara 2.36 ni 13.14, na kipeuo cha pili chake ni 3.63.

Pembe nyingine zilizopo jedwalini zinaeleza obiti imegeukia wapi na asteroidi iko wapi juu yake tarehe fulani. Kompyuta inazihitaji, wewe si leo.

Ukishajua kusoma a, una ramani ya ukanda mzima. Sehemu kubwa ya asteroidi za ukanda mkuu zina a kati ya 2.1 na 3.3. Lakini hazijaenea sawasawa. Ukifika 2.5 kuna pengo, karibu tupu, na mengine 2.82 na 3.27. Mmarekani Daniel Kirkwood aliyaona mapengo hayo karne ya 19. Jiwe lenye a ya 2.5 lingezunguka Jua mara tatu kamili kila Mshtarii inapozunguka mara moja, hivyo lingekuwa linavutwa na Mshtarii mahali palepale, zamu baada ya zamu, hadi obiti yake iharibike. Mawe mengi yanayoifikia Dunia yalipitia mlango wa namna hiyo.

Na Vesta yenyewe imeshatufikia. Chombo cha Dawn kilichoizunguka kuanzia Julai 2011 hadi Septemba 2012 kilipiga picha bonde kubwa la mgongano kwenye ncha yake ya kusini, upana kama kilomita 500, na kupima aina ya mawe yake. Yanafanana na vimondo vinavyoitwa yukraiti. Mwaka 1899 yukraiti moja ilianguka Peramiho, kule Songea. Watu husafiri hadi Mbozi kuona kimondo cha chuma, na nawaunga mkono, lakini kidogo kile cha Peramiho ndicho kina ukoo na nukta uliyoichora.

Hatua ya 9: Soma jina

Asteroidi ikipatikana hupewa kwanza jina la muda, na jina hilo ni tarehe iliyofichwa. Chukua 1937 KB. Namba ni mwaka. Herufi ya kwanza ni nusu ya mwezi: A ni Januari 1 hadi 15, B ni 16 hadi 31, C ni Februari nusu ya kwanza, na kuendelea, ukiruka I. Fika K: ni Mei, nusu ya pili. Herufi ya pili ni zamu: B ni ya pili kupatikana katika nusu mwezi hiyo.

Hiyo 1937 KB leo inaitwa 1427 Ruvuma, kwa jina la mto wetu wa kusini. Iligunduliwa Mei 16, 1937 na Cyril Jackson katika kituo cha Johannesburg, Afrika Kusini, aliyegundua asteroidi 72 kwa kulinganisha picha mbili za anga za nyakati tofauti. Usiku wa pili, tena. Yeye na Harry Edwin Wood wanatajwa pia kwa 1595 Tanga, ya Juni 1930. Jackson aliweka angani 1278 Kenya na 1279 Uganda, zote za Juni 15, 1933, na 1428 Mombasa ya Julai 1937. Zote ni za ukanda mkuu, na zote ni hafifu mno kwa darubini yako. Ziandike kwenye kanzidata, chukua a na e ya kila moja, piga hesabu za hatua ya 8. Ni zoezi zuri siku ya mvua.

Hatua ya 10: Ukitaka mpya

Kuipata isiyojulikana kwa darubini ya mkononi haiwezekani. Mwaka 2025 kituo cha Vera Rubin kule Chile kilitangaza asteroidi mpya 2,104 kutokana na saa kama kumi tu za kupiga picha. Lakini upo mlango kwa shule na vikundi: IASC, mradi wa kimataifa unaogawa bure picha za darubini ya Pan-STARRS ya Hawaii. Kikundi kinajisajili, kinapewa seti za picha nne za eneo moja zilizopigwa kwa kupishana, kinazipepesa kwa programu ya Astrometrica kwenye kompyuta ya Windows, na kutafuta nukta inayosogea kwa mstari ulionyooka, kwa hatua sawa, bila mwangaza wake kurukaruka. Ripoti inatumwa, nyingi zinaishia kuwa kelele za kamera au asteroidi za zamani. Ile itakayobaki itasubiri miaka, ionekane katika mikabala kadhaa, ndipo ipewe namba, na baada ya namba ndipo mgunduzi apendekeze jina lisilozidi herufi 16. Kinachokwamisha shule zetu ni intaneti ya kupakulia picha. Pakua usiku wa manane, au peleka diski mahali penye mtandao imara.

Hatua ya 11: Usiiache Vesta njiani

Baada ya mkabala wengi hufunga daftari. Endelea, hata mara moja kwa wiki. Nukta zitaanza kusogeleana: robo nyuzi kwa siku itakuwa pungufu, kisha kidogo sana, na kama mwezi na nusu baada ya mkabala itasimama. Utachora siku tatu mfululizo na isihame, utadhani umerudia kosa langu la Aprili. Kisha itageuka na kuanza kwenda mashariki, kwa sababu sasa tumeshaipita na tunaitazama kutoka pembeni. Tarehe ya kugeuka iandike kwa penseli nzito pembeni ya ukurasa, na uchore duara la siku hiyo pamoja na jirani zake wote.